Sifuri ya Mwalimu Kinoo

Jina la Kinoo alipewa na wanafunzi, na wala halikuwa jina la mapenzi. Walisema kinoo hunoa visu vya wenzake mpaka vikate unywele, lakini chenyewe ukikitumia kukata nyanya, utabaki na nyanya iliyopondeka. Mwenyewe alilisikia akalichukua kama sifa. Wapo watu wa namna hiyo, ukiwatukana kwa fumbo wanakushukuru.

Alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule moja ya sekondari kwa miaka ishirini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kufundisha riwaya ileile. Ni riwaya kongwe, kila aliyepita darasa la mwisho aliibeba mkobani mpaka jalada likachanika. Ndani yake mpima mizani wa soko anagundua kwamba mizani ya mji imechezewa, na kwamba mji mzima unakula kwa jasho la wakulima wanaopunjwa. Kila mtu anamwambia afunge mdomo, kuanzia mkewe. Anakataa, anayasema hadharani, na mji unamgeuka. Kinoo aliijua riwaya hiyo kama anavyojua vijiko vyake. Aliingia darasani na daftari lake la notsi lililogeuka rangi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya polepole: ujasiri wa kimaadili ni uwezo wa mtu kusimamia haki hata pale ambapo kufanya hivyo kutamgharimu, nukta, mstari mpya. Wanafunzi waliandika vichwa chini. Wapo walioandika hata neno "nukta", na mtihani ulipofika wakaliandika tena.

Kila mwaka, kwenye mtihani wa majaribio, yeye ndiye aliyetunga swali la nne, na kila mwaka lilikuwa hilohilo: Jadili dhamira ya ujasiri wa kimaadili katika riwaya uliyosoma. Toa mifano kutoka kwenye riwaya na katika jamii yako. Yale maneno ya mwisho aliyatia kwa mazoea tu, kama mtu anayeongeza chumvi kabla hajaonja. Na wanafunzi nao walijua. Walijaza kurasa mbili za riwaya, kisha wakamalizia kwamba hata katika jamii yetu wapo watu wanaokemea maovu. Watu gani, maovu gani, siku gani, hakuna aliyeuliza. Sentensi hiyo moja ilikuwa na alama zake mbili, mtu anachukua anakwenda zake.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu. Mumewe, fundi bomba wa manispaa, alifariki binti akiwa na miaka mitano, na Kinoo akamlea peke yake kwa mshahara wa chaki. Binti alipoolewa na kijana aliyesomea hesabu, Kinoo mwenyewe ndiye aliyebeba barua ya maombi ya kazi ya mkwewe mpaka kwa mkuu wa shule. Kijana akapata kazi. Alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano, anaamkia kabla hajavuka kizingiti, hakai mpaka mama mkwe amekaa. Walikuwa wakiishi mtaa wa tatu kutoka kwake, na wajukuu wawili walishinda kwake kila mwisho wa juma wakimchanganyia vitabu. Aibu ya mkwe huyo ilikuwa moja, mkono mwepesi. Darasani alikuwa akipiga, na kila mtu alijua, na kila mtu alisema ah, vijana wa siku hizi bila hivyo hawasikii.

Asubuhi moja, baada ya mapumziko, Kinoo alikuwa anapita ukumbini, nje ya madarasa, na rundo la madaftari mikononi. Mkwewe alikuwa akifundisha darasa la mwisho. Msichana mmoja wa dawati la mbele, binti wa mshonaji, alinyoosha mkono akasema jawabu la ubaoni limekosewa. Na kweli lilikuwa limekosewa. Kinoo akiwa sawasawa na dirisha, akaona mkwe wake akishuka kutoka ubaoni, akaona kiganja kikitua kwenye sikio la kushoto la yule mtoto, akamwona mtoto anaanguka na paji la uso likigonga pembe ya dawati. Damu ikatoka. Mkwe akageuka, macho yao yakakutana dirishani. Kisha Kinoo akaendelea na safari yake. Ndiyo, nimesema akaendelea. Alifika chumba cha walimu, akayapanga madaftari kwa namba, akayapanga tena.

Kabla ya saa sita mkuu wa shule alikwisha andika maelezo. Mwanafunzi aliteleza kwenye ngazi zilizokuwa zimepigwa deki. Yalihitaji sahihi tatu: ya mkuu mwenyewe, ya mwalimu wa darasa, na ya mwalimu mmoja anayeheshimika. Kinoo alitia sahihi yake nzuri, ile yenye mkia mrefu. Mama wa usafi akapewa barua ya onyo kwa kuacha maji kwenye ngazi. Msichana mwenyewe aliambiwa kwamba shule itamsaidia, ila akianza maneno maneno, shule haitakuwa na nafasi yake. Na mamaye alipofika mbio, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado unaning'inia shingoni, Kinoo ndiye aliyetumwa kuongea naye kwa sababu ana maneno laini. Akamweleza habari ya ngazi, kwa upole, hatua kwa hatua. Yule mama akamshukuru, masikini, akamchukua mwanawe wakaenda hospitali.

Msichana alirudi na nyuzi nne kwenye paji la uso. Baada ya majuma machache kila mtu aliona kwamba ukimwita kutoka kushoto hageuki. Shule nzima ikavaa miwani ya mbao. Mkwe aliendelea kumwamkia mama mkwe kwa adabu ileile, na mama mkwe aliendelea kuitikia. Hata siku moja hawakulitaja.

Ikafika zamu ya mtihani wa majaribio, miezi mitatu baadaye.

Pale shuleni walimu wa lugha husahihisha pamoja. Huunganisha meza mbili, hukaa watano, na kila mmoja hushika swali lake moja tu kwa karatasi zote, kisha anampa jirani. Karatasi zina namba, hazina majina, na kila alama huwekewa herufi za aliyeitoa kwa kalamu nyekundu. Ipo na kanuni moja zaidi: mtahiniwa aliyefanya vizuri kwingine kote akipata sifuri kwenye swali moja, karatasi yake lazima isomwe upya na mtu mwingine. Kanuni hiyo aliileta Kinoo mwenyewe, zamani, baada ya mwalimu mmoja kusinzia na kumwangusha mtoto wa watu.

Karatasi ya kumi na tisa aliijua mwandiko kabla hajasoma neno. Ilikuwa ya binti wa fundi saa, msichana mkimya, mwandiko umesimama wima, tena aliyekuwa akikaa dawati moja na yule wa mshonaji. Sehemu ya riwaya alikuwa ameijibu vizuri kupita wote. Kisha akaruka mstari na kuandika kwamba katika jamii yake hana mfano wa ujasiri, anao wa kukosa ujasiri. Akaandika siku, akaandika kipindi, akaandika jawabu lililokosewa na jawabu lililo sahihi. Akaandika kofi na pembe ya dawati. Akaandika kwamba mwalimu mmoja alipita dirishani akaona. Baadaye walimu watatu walitia sahihi kwamba ni ngazi. Akamalizia: darasa zima, watu arobaini na mmoja, hatukusema. Na mimi nimo.

Mngedhani aliona haya. Hata kidogo. Alichopata Kinoo ni hasira, hasira ya mtu aliyesutwa nyumbani kwake na mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Mtoto huyu ananikalia kikao kwa kalamu, alijisemea, tena kwa swali langu. Akaandika sifuri, kubwa, kisha kando yake: Umetoka nje ya mada. Akatia herufi zake na kuisukuma karatasi kwa jirani haraka, mtu asije akaona jasho.

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Angempa kumi na mbili, karatasi ingepita kimya kimya na kwenda kufungwa kamba na nyingine, na hakuna binadamu ambaye angeisoma tena. Lakini aliogopa, na mwoga akishika kalamu hupitiliza. Alisahau kanuni yake mwenyewe.

Jirani yake alikuwa mwalimu wa sarufi, wanafunzi walimwita Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Alipofika kujumlisha akaona kumi na sita, kumi na tano, kumi na saba, sifuri, na kumi na nne yake mwenyewe. Akasema hii inataka msomaji wa pili. Kinoo akasema iache, mtoto amebabaika. Redio akasema kanuni ni kanuni, mama, na wewe ndiye uliyetuletea. Akasoma. Alianza kimoyomoyo, lakini Mwenyezi hakumuumba Redio kwa ajili ya kimoyomoyo, na alipofika kwenye dirisha meza nzima ilikuwa inasikiliza. Mpaka wakati wa chai, hata mlinzi wa getini alikuwa anaijua.

Mkuu wa shule hakupoteza muda. Binti wa fundi saa aliitwa pamoja na babake. Wakawekewa masharti mezani: aandike barua kwamba alitunga, aombe radhi, yaishe, ama kamati ya nidhamu ya bodi imfukuze Ijumaa. Mtihani wa mwisho ulikuwa majuma matatu mbele, na mtahiniwa aliyefukuzwa hafanyi mtihani. Miaka yote ya shule ingekwenda na maji. Msichana akakataa. Mkuu akamgeukia baba mtu, akimtaka amwonye mwanawe. Fundi saa akasema kazi yake ni kurekebisha saa, hairudishi nyuma eti kwa sababu mteja amechelewa. Wakaondoka.

Siku hiyohiyo Kinoo akaitwa ofisini. Mkuu alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nguzo ya shule, mama wa wote, mwalimu wa walimu. Akamweleza kwamba bodi inataka kusikia kutoka kwake tu. Hana haja ya kusema mengi. Sifuri ameshaitoa, aieleze tu kwa nini. Kinoo akagundua kwamba ile sifuri imechukuliwa ikawa ushahidi, na kwamba yeye ndiye kisu kitakachomchinja yule mtoto.

Alasiri yake binti yake alifika. Hakuja na watoto. Alikaa kwenye kiti cha babake, akaanza kwa kuuliza habari za afya, akashindwa kuendelea na afya.

"Mama, ulitia sahihi mwenyewe. Hakuna aliyekushika mkono."

"Najua."

"Basi kaa kwenye sahihi yako."

Kinoo akamwambia kwamba mtoto wa watu atakosa mtihani. Binti akajibu kwamba watoto wa watu wana baba zao na mama zao. Akataja kazi ya mumewe, akataja polisi, akataja wajukuu majina yao yote, mmoja mmoja. Akasema mumewe anajuta, hajampiga mtoto yeyote tangu siku ile, na kwamba kosa moja halimfanyi mtu kuwa mnyama. Mengi ya hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yaliuma. Kinoo alitaka kumwambia habari ya mpima mizani, akafungua mdomo.

"Usiniletee kitabu," binti akasema. "Kitabu hakina wajukuu."

Akasimama. Mlangoni akageuka, na uso aliokuwa nao, mamaye hakuwahi kuuona.

"Ukinigeuka Ijumaa, usinitafute Jumamosi."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini wahenga hawakuwa wakikaa peke yao katika nyumba ya vyumba viwili. Kinoo alimpenda binti yule kuliko pumzi yake, na aliamua. Nisimsingizie wema: aliamua kwamba Ijumaa atasema mtahiniwa alitoka nje ya mada, atakaa chini, na Mungu atajua la kufanya na binti wa fundi saa. Alilala na uamuzi huo na aliamka nao.

Kikao kilikuwa maktaba, saa nne asubuhi. Walikuwapo wajumbe sita, mkuu wa shule, mkwe katika shati lililopigwa pasi vizuri, Redio kama mwandishi wa kumbukumbu, na fundi saa na bintiye kwenye viti viwili vilivyowekwa mbali kidogo na vingine, kama viti vya wagonjwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwuza mabati, mtu mnene asiye na makuu, asiyesoma vitabu na asiyelificha hilo. Walimwuliza msichana kama ana la kusema. Akasema, "Nilijibu swali." Wakamwuliza kama ana jingine. Akasema hana.

Akasimama Kinoo. Alieleza kwamba yeye ndiye msahihishaji wa swali la nne na kwamba alitoa sifuri kwa kuwa mtahiniwa alitoka nje ya mada. Sauti ilikuwa ileile ya darasani. Mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mambo yalikuwa yamekwisha, watu walikuwa wameanza kukusanya karatasi zao, na hapo mwuza mabati, kwa kutaka kujua tu na bila hila yoyote, akauliza, "Mada yenyewe ilikuwa nini?"

Kinoo akashika karatasi ya maswali akasoma. Jadili dhamira ya ujasiri wa kimaadili katika riwaya uliyosoma. Toa mifano kutoka kwenye riwaya na katika jamii yako. Mwuza mabati akamwangalia, akamwangalia na msichana, akasema kwa mshangao wa kweli, sasa si ndiyo ametoa mfano katika jamii yake? Mkuu akaingilia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Mwuza mabati akasema sawa, basi mtaalamu atufafanulie.

Redio akainua kalamu kusubiri. Kinoo alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, alikuwa nayo ya miaka ishirini na sita. Alijaribu kuchukua moja. Halikuja. Aliyaona macho ya msichana, na hayakuwa yakimwomba chochote. Hilo ndilo lililomkasirisha tena, na safari hii hasira ilijua pa kwenda.

"Hakutoka nje ya mada," akasema. "Alijibu. Mwalimu wa dirishani ni mimi. Nilimwona akimpiga. Ngazi hazikuwa na kitu."

Mkwe akanyanyua kichwa. Shuleni siku zote alimwita mwalimu.

"Mama," akasema polepole, "umenimaliza."

Kinoo akaiweka karatasi ya maswali mezani, akakaa.

Msifikiri walimpigia makofi. Binti wa fundi saa aliachwa akafanya mtihani wake, hilo lilipatikana, na hakuna aliyeweza kulirudisha. Mengine yote yalikuwa makali. Mkwe alisimamishwa kazi siku ileile, na kesi ikafunguliwa. Mkuu wa shule alihamishiwa shule nyingine, kubwa zaidi, yenye nyumba ya mkuu na bustani. Mambo ya wakubwa hayo. Chumba cha walimu kikamfanya Kinoo mkimbizi. Kikombe chake kilitolewa kwenye sinia. Akiingia, mazungumzo yalikatika, hata Redio alizimika. Mwalimu mmoja aliyekula harusi ya binti yake alimwambia waziwazi kwamba anayemwuza mkwe atawauza wote, na kwamba kama ni haki, angeanza nayo siku ya kwanza, si siku ya kubanwa na mwuza mabati. Mama wa usafi naye alimsimamisha ukumbini akamwuliza, na barua yangu ya onyo je? Kinoo akasema ataifuatilia. Mama wa usafi akamtazama kwa namna ya mtu aliyezoea watu wanaofuatilia, akaendelea kupiga deki.

Jumamosi alikwenda kwa binti yake, ingawa aliambiwa asiende. Mlango haukufunguliwa. Alisikia wajukuu ndani, akasikia sauti ikiwanyamazisha. Alisimama pale mpaka jirani akatoka kumtazama. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne akakuta nyumba tupu, wamehamia kwa wazazi wa mume.

Alilia, na asiwepo wa kusema hakulia. Lakini katika kulia huko alijikuta na kitu kingine, kidogo, kinachopasha joto. Alikuwa amefanya lile alilolifundisha. Sasa alipopita peke yake kwenye uwanja wa shule huku migongo ikigeuka, alijiona kama mpima mizani, mtu mmoja dhidi ya mji. Alinyoosha shingo. Akaanza hata kupanga namna atakavyolifundisha lile somo mwaka ujao, kwa kifua kipana, bila daftari.

Siku hizohizo, jioni kabla jua halijazama, mlango wake ulibishwa. Alikuwa mshonaji, mamaye yule msichana. Kinoo akamkaribisha kwa mikono miwili, akavuta kiti, akamwuliza kama atakunywa chai. Kwa kweli alikuwa akimtazamia. Katika watu wote, alijua huyu angekuja, na alikuwa ameshatayarisha namna ya kukataa shukrani kwa unyenyekevu.

Mshonaji hakukaa.

"Siku ile tulipofika hospitali," akasema, "daktari aliniuliza amepatwa na nini. Nikamwambia ameanguka ngazini. Ndivyo ulivyonieleza."

Kinoo akaitikia kwa kichwa.

"Wakamshona paji la uso. Mtu akianguka ngazini hakuna anayemtazama sikio. Ngoma ilikuwa imechanika, na usaha ukaingia, na mtoto mmemtisha asiseme. Alikaa na maumivu yale ndani ya nyumba yangu, mimi nampaka mafuta kwenye kovu. Juzi nimempeleka kwa daktari wa masikio. Ameniambia ngoma iliyochanika kwa kofi mara nyingi hupona yenyewe, kama mtu akijua mapema aitunze. Wiki ya kwanza, mwalimu. Kofi halikumfanya kiziwi."

Kinoo alikuwa amesimama na birika mkononi. Akaliweka chini. Akatafuta kusema pole, na akaona kwamba neno hilo alikwisha kumpa mama huyu siku ileile ya kwanza, pamoja na ngazi.

Mshonaji akatoa karatasi na kalamu kwenye mfuko wa aproni. Akasema daktari ameomba maelezo ya aliyeona, na mahakama nayo itayataka. Akamtaka aandike. Kinoo akakaa mezani akaandika siku, kipindi, dirisha, mkono, sikio la kushoto, pembe ya dawati. Mwandiko wake mzuri. Akamkabidhi. Mshonaji akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, kisha akairudisha mezani.

"Hujaandika kwa nini hukusema."

Kinoo akaandika kwamba kutokana na mazingira ya kazi yaliyokuwapo wakati huo. Mshonaji akasema hayo hayaelewi, aandike kama watu wanavyoongea. Kinoo akakata mstari. Huko nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Hatimaye akaandika: niliogopa kwa ajili ya mwanangu.

Mshonaji akalisoma hilo nalo mpaka mwisho.

"Hata mimi nina mwana," akasema, akaikunja karatasi, akatoka.